Karatasi Safi ya Mwisho

Kosa nitakalolisimulia ni kiburi cha adabu: kuamini kwamba mtu asiyetusalimu kama tupendavyo hastahili kufanya kazi pamoja nasi. Nalifahamu vizuri, kwa kuwa lilikuwa langu.

Katika miaka ile ya tisini, mji wetu wa migodi wa Likasi, kule Kongo, ulipokuwa ukiporomoka, nilikuwa mkuu wa ghala la vipuri katika kiwanda kidogo. Mashine nyingi zilikuwa zimekufa. Salamu zilikuwa hai. Kila asubuhi kila mfanyakazi alizunguka akimpa mkono kila mwenzake na kuuliza habari za nyumbani. Zoezi hilo lilikula nusu saa, na kwa baadhi yetu ndiyo iliyokuwa kazi nzito ya siku.

Mtunza rafu mmoja hakulishiriki. Alificha mikono mgongoni, akatazama sakafu, akaenda moja kwa moja kwenye rafu zake. Tulimvumilia maadamu hakukosea. Kisha fomu za kuagizia vipuri zikaisha, na mafundi wakaanza kuagiza kwa kupaza sauti, kumi kwa pamoja. Akiombwa bolti alileta mkanda. Akiombwa mkanda aliziba masikio na kujificha nyuma ya mapipa.

"Kiziwi! Papa, amuka!" mafundi walimcheka, wakimwita baba kwa dhihaka.

Wakati huo mkurugenzi alitaka jina la mtu mmoja wa kuachishwa kazi. Aliyeachishwa alitoka pia katika nyumba ya kampuni, yeye na mkewe na watoto. Sikusita. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi moja safi, niliyoitunza kwa jambo la maana. Nikaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri, kwamba mtunza rafu huyu hana heshima, hasikii, wala hawatazami wakubwa wake usoni.

Mwanamke aliyefagia ofisi, aliyeniita chef, yaani mkuu, kama wote, aliisoma akichungulia begani mwangu, bila haya.

"Chef, uyu muntu haiko kiziwi. Bantu kumi banapiga makelele pamoja. Weye ungesikia nani?"

"Wengine wanasikia."

"Bengine pia banakosea. Lakini bao banakupatia mukono, basi unabasamehe."

Akatoka, akarudi na mifuko mitupu ya karatasi, ya saruji ya kiwanda cha Kakontwe, ameikung'uta vumbi na kuikata vipande.

"Umuandikie. Kisha umuache atumike kazi yake."

Niliandika vipuri sita, nikiwa na hakika ya ushindi. Yule mtunza rafu akasoma, akaondoka, akarudi navyo vyote, akavipanga kwa mfuatano wa orodha yangu. Halafu akagonga kaunta mara mbili.

"Iyo ni salamu yake," yule mama mfagiaji akasema. "Kila siku anakusalimia, chef. Ni weye hauitikie."

Nikagonga, mara mbili. Barua yangu nikaikata vipande vinne. Mafundi waliandika maagizo ya bolti nyuma ya maneno yangu mazuri. Tangu siku hiyo kila agizo liliandikwa, na mafundi wakapanga foleni. Makosa yakapungua, hata ya wale hodari wa kupeana mikono. Nikamwambia mkurugenzi kwamba ghala halina wa kuachishwa, naye, akiiona ile foleni, akakubali. Mtunza rafu akabaki na kazi yake na nyumba yake.

Mkurugenzi aliuliza pia nani aliyebuni utaratibu huo. Nilinyamaza kwa unyenyekevu, naye akanipongeza. Jibu langu limechelewa mno, lakini ni hili: yule mwenye ufagio, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Savoni, yaani Mama Sabuni.