Jenerali wa Makaburu Kwenye Stensili Yangu

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Mkuu wa Shule alinikabidhi taipureta, pakiti ya stensili na mtihani wa Historia wa kidato cha nne. Nilikuwa mpiga chapa katika kipindi cha majaribio kwenye sekondari moja mjini Bukoba. Nikimaliza miezi mitatu vizuri, ningeajiriwa. Nikiharibu, ningerudi Nshamba kupalilia migomba.

"Tumekuajiri vidole," alisema. "Kusoma ni kazi ya mwalimu."

Vijana wa kompyuta hamkuijua stensili. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, herufi zinakata nta, kisha mashine ya kudurufu inapitisha wino kwenye matundu hayo. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Ukikosea aya, unatupa stensili nzima.

Swali la tano lilieleza maisha ya jenerali mmoja wa Makaburu. Alikuwa jaji, akapigana na Waingereza, akashindwa. Akaingia kwenye siasa, akaanzisha chama cha kuwatetea Makaburu wenzake na lugha yao, akawa waziri mkuu, akawaondoa Waafrika wa jimbo la Rasi kwenye daftari la kawaida la wapiga kura. Mpaka hapo sawa. Kisha swali likasema ndiye aliyeiingiza nchi katika Vita Kuu ya Pili upande wa Waingereza. Mwanafunzi aeleze sababu zake.

Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na kozi ya kupiga chapa. Lakini kulikuwa na kitabu cha historia cha parokia nilichokisoma mara tatu kwa kukosa kingine. Kilisema jenerali huyo alijiuzulu kwa sababu bunge lilikataa hoja yake ya kukaa nje ya vita. Aliyeiingiza nchi vitani ni jenerali mwingine, aliyeshika nafasi yake.

Nilipiga kama ilivyoandikwa, maana ndiyo kanuni. Nilipomwona mhudumu wa mashine ya kudurufu akianza kufungua rimu ya kwanza ya karatasi, nilimwomba asubiri, nikabeba stensili hadi ofisini. Bi Zuhura, mwalimu wa Historia, alikuwapo. Nikaeleza. Mkuu alivua miwani.

"Waitu, mwenzetu, hata saa nne haijafika, umeshaanza kusoma?"

Bi Zuhura alifungua kitabu chake, akapitisha kidole, akarudi nyuma kurasa mbili, kisha akacheka mpaka akakaa.

"Mkuu, kijana yuko sahihi. Nimewashona majenerali wawili wakawa mtu mmoja."

Mkuu aliichana stensili taratibu. "Kata nyingine," aliniambia. "Na kuanzia leo, soma kwanza ndipo upige."

Nilirudi kwenye taipureta nikaingiza stensili mpya. Baada ya miezi mitatu barua ya ajira ilikuja. Nimefanya kazi chini ya wakuu sita, Bukoba, Muleba, na mwisho Rwamishenye, ambako mwaka jana nilistaafu kwa hiari. Nimesoma mitihani mingi ya kidato cha nne, na sijafanya hata mmoja.

Siku ile ya kwanza rimu sita ambazo zingeharibika kwa kosa lile zilibaki kabatini. Kwa bei ya wakati ule, ukitoa stensili moja iliyochanwa, shule iliokoa shilingi elfu kumi na moja na mia nane.