Beseni la Chepkemei

Watu wa shamba lile la karibu na Elmenteita walipomwona Memsabu Holroyd kwa mara ya kwanza akitembea peku kwenye umande asubuhi, sketi ameikunja juu ya magoti, walidhani amepotelewa na ng'ombe. Hakupotelewa na kitu. Alikuwa ametoka Ulaya, ambako Wajerumani walimfundisha kwamba maji huondoa maradhi yote, tangu kipandauso hadi huzuni, na sasa alikuwa anajitibu.

Chepkemei alikuwa dobi wake. Zamani kazi ilikuwa kukausha mashuka. Sasa akawa anayalowesha upya na kumviringisha memsabu ndani yake kuanzia shingoni hadi miguuni, kama maiti anayengoja kaburi likamilike. Memsabu alilala pale meno yakigongana na kusema anajisikia vizuri mno. Chepkemei hakubishana naye. Lakini memsabu alipotumbukiza miguu kwenye maji ya moto yaliyoletwa na mkokoteni wa punda kutoka chemchemi za ziwani, kisha kwenye ya baridi, kisha ya moto tena, vifundo vyake vilivyovimba vilinywea. Hilo Chepkemei aliliona kwa macho yake, na likamkaa kichwani.

Mwaka wa hamsini na tano memsabu alinunua beseni jipya, na lile kuukuu akampa Chepkemei. Lilikuwa la bati, lenye mgongo mrefu kama kiti, la kukaliwa na mtu huku miguu imebaki nje. Mumewe Kimaiyo, mkamuaji wa ng'ombe, alilizunguka akauliza kama wataanza kufuga nguruwe. Chepkemei aliliweka nyuma ya nyumba, akalizungushia magunia, akawaita wanawake waliovunjika migongo kwa kuchuma maua ya pareto.

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi. Mgonjwa alikalia maji ya moto mpaka nyonga zikalegea, halafu akamwagiwa ndoo ya maji baridi mgongoni bila kuonywa. Mayowe yalifika hadi zizini. Baadaye alikandwa, akafunikwa blanketi, akaamriwa asiinuke wala asiongee. Wengi walipata nafuu. Chepkemei mwenyewe alishuku kwamba nusu ya dawa ilikuwa ni kulala mchana bila mtu kukuomba chakula, lakini hakuwaambia.

Aliyechukizwa ni Mzee Kosgei, dereva wa lori la shamba na mzee wa kanisa. Alihubiri kwamba Mungu alitoa maji kwa ajili ya ubatizo, chai, na kuoga ukiwa umefunga mlango, na kwamba wanawake wanaokaa kwenye bati wakipiga mayowe wanaita mapepo. Chepkemei alimsikiliza akiwa kwenye benchi la mbele. Hakukasirika. Alikuwa anatazama mzee alivyoikumbatia mimbari ili asimame. Lori lilikuwa limeumaliza mgongo ule.

Basi Jumamosi moja alasiri, watu wote wakiwa kwenye mpira, Mzee Kosgei akatokea kwenye mahindi, kofia imeshuka hadi puani. Alisema anapita tu. Chepkemei alimwambia maji yameshachemka. Mzee akavua vyote isipokuwa kaptura na kofia, akaketi, akafumba macho, na punde akaanza kukoroma.

Shida ilianza alipotaka kuondoka. Mzee Kosgei alikuwa mtu mpana, na joto lilikuwa limempanua zaidi. Aliinuka, na beseni likainuka naye.

"Mama Chepchirchir," alisema kwa sauti ndogo, akimwita kwa jina la binti yake, "kitu hiki kimenishika."

Chepkemei alivuta. Alipaka sabuni, akavuta tena. Mzee alizunguka ua ameinama, bati nyuma yake kama gamba la kobe. Ndipo akina mama wa kwaya, waliochoka na mpira, wakaja kuangalia kulikoni. Walipomaliza kucheka, na hilo halikuwa haraka, baadhi wakashika beseni, wengine wakashika makwapa ya mzee, na mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa ili wavute pamoja. Kwenye kiitikio beseni likaachia kwa mlio ambao kwaya ile haijawahi kuutoa, wote wakaanguka kwenye matope.

Mzee Kosgei ndiye wa kwanza kuinuka, na aliinuka wima. Akajishika kiuno, akageuka huku na huku, akatafuta maumivu asiyaone. Kama ni maji au ni kule kuvutwa, hakuna aliyejua. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya Naamani, yule jemadari aliyedharau kuoga Yordani kabla ya kupona humo. Kwaya ilishindwa kuimba.

Mwaka uliofuata Kimaiyo akaanza kukohoa. Chepkemei alimkalisha kwenye maji ya moto, akamfukiza, akamfunga kifua kwa vitambaa baridi. Majirani, ambao sasa walimwamini kupita alivyojiamini mwenyewe, walimshauri azidishe maji. Memsabu alisema Wajerumani wana njia ya kifua pia. Chepkemei alizidisha. Siku moja alimwinua mumewe kutoka kwenye beseni na kumwona mwepesi kama kikapu kitupu, na kwenye kitambaa kulikuwa na damu. Aliketi chini, na kwa mara ya kwanza akaliogopa lile bati.

Hakumwendea memsabu. Alimwendea Mzee Kosgei, aliyekuwa akipakia mitungi ya maziwa.

"Mzee, maji yamenishinda."

Kosgei hakuuliza maswali, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Walimweka Kimaiyo kwenye kiti cha mbele, Chepkemei akapanda nyuma na mitungi, lori likashika njia ya Nakuru. Njia nzima mzee hakuhubiri neno. Hospitalini walisema ni kifua kikuu, wakamlaza, wakamchoma sindano za matakoni miezi na miezi. Alirudi mnene, akilalamikia uji.

Tangu hapo Chepkemei alisema wazi kwa kila aliyekuja: kikohozi kiende Nakuru, mgongo uje kwake. Wengine waliona amejishusha. Yeye hakujali, na magunia yake hayakukosa watu.

Kimaiyo alimwomba jambo moja tu, kwamba asimloweshe tena maishani. Alikubali, na ahadi ikashikwa mpaka Krismasi, ng'ombe mkaidi alipomtupa Kimaiyo ukutani mwa zizi. Alirudi nyumbani akitembea upande upande kama kaa. Alichukua ndoo, akaenda kuchota maji mwenyewe.