Herufi za Mitungi ya Keringet

Hapa Keringet, ukitaka kujua mtungi wa maziwa ni wa nani, huulizi mtu. Jina liko ubavuni kwa rangi nyekundu, na aliyeliandika ni Jemutai. Nimemjua tangu tukiwa wasichana, na nasema bila kuogopa: hakuna mkono kama wake kutoka hapa mpaka Nakuru mjini. Herufi zake zinainama mbele kama watu wanaopanda mlima, mkia wa moja unaingia kwa tumbo la nyingine. Hata mama ambaye hakusoma aliujua mtungi wake kwa mbali.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilianza kutengeneza yogati. Mwenyekiti akatuletea karatasi ya kubandika kwenye vikombe, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Jemutai akaiangalia, akairudisha mezani. Nilijua anataka vikombe viwe na mkono wake, na nilijua hataomba. Nikaomba mimi.

"Mwenyekiti, tuko na mwandishi hapa, na wewe unatafuta herufi za nani?"

Akakubali, ila karatasi lazima zichapishwe Ijumaa. Akamwita Zeddy, msichana wa mtaa wa Free Area kule Nakuru, anayechora matangazo kwa kompyuta. Zeddy akatueleza kwamba atageuza herufi za Jemutai ziwe fonti, yaani kompyuta iandike neno lolote kwa mkono wake.

"Gogo, niandikie A mpaka Z," Zeddy akamwambia Jemutai, akimwita bibi kwa Kikalenjin.

Uwii! A ikasimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. B ikavimba. Mwenyekiti akakohoa. Jemutai akaweka brashi chini.

"Basi. Tumieni hizo zenu."

"Wewe, tangu lini umeandika A?" nikamwambia. "Wewe huandika watu. Andika Cheruto."

Akaandika Cheruto, na mkono ukarudi. Nikamtajia majina mengine, Jepkemei, Kipyegon, Felix wa dawa ya ng'ombe, na Zeddy akawa anachukua herufi kutoka kwa majina. Tukakwama kwa Q.

"Kuna Quincy, mjukuu wako," nikasema.

"Huyo hata ng'ombe hana!"

"Atapata. Andika."

Akaandika huku akicheka, na hiyo Q ndiyo nzuri kuliko zote.

Zeddy aliweka fonti hiyo kwa jina kubwa tu. Maneno madogo ya sukari na tarehe akayapa herufi nyembamba, maana herufi za brashi zikifinywa hazisomeki. Vikombe vilipofika, Jemutai alizungusha kimoja, akasoma: YOGATI YA KERINGET.

"Hii sikuandika mimi."

"Na ni mkono wa nani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa herufi zake ziko kwa kadi za harusi, kwa bango la harambee ya kanisa, na kwa saluni moja Free Area. Nikipita na mgeni, lazima asimame aonyeshwe. Mwenyekiti naye anatangaza kwamba lile wazo lilikuwa lake. Tumemwachia.