Mkate wa Suji wa Wifi Yangu

Niliupenda. Miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba mkate wa wifi yangu ulikuwa hauliki kwa meno wala kwa nyundo, na watu wakicheka, naongeza chumvi. Ukweli ni kwamba niliupenda tangu ule wa kwanza, uliovunjika.

Kaka alimwoa alipokuwa akisoma Moroko, akamleta Ibra, mji wa Omani tuliohamia kutoka Unguja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwa mama. Mie nami nilikuwa nimesharudi na shahada yangu ya fasihi, nasomesha skuli ya wasichana na kujiona hodari wa maneno. Ijumaa ya kwanza bibi harusi akaomba jiko. Alitaka kumpikia mama harsha, mkate bapa wa kwao: suji husuguliwa na siagi, ikatiwa maziwa, ikachomwa juu ya chuma cha chapati. Alipougeuza, ukamwagika vipande vipande.

"Wifi," nikamwambia kwa Kiarabu, "umetuletea mkate au mchanga?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi naye akatabasamu.

Kwetu Unguja wifi hukaribishwa kwa vijembe. Unamtupia neno, naye anakurudishia kali zaidi, na hapo ndipo mnapokuwa ndugu. Mama na mawifi zake walivyokuwa wakitukanana, mpita njia angedhani watu wanauana, kumbe wanakuna nazi. Basi nikawa nangoja anirudishie. Hakurudisha. Nikadhani ni mzito wa ulimi, nikamwongezea.

Yeye alihangaika na mkate. Kwanza alishuku samli, maana siagi hatukuwa nayo, akaipunguza. Kisha maziwa ya unga. Kisha gesi, akateremsha moto mpaka ukawa unanong'ona. Mkate ukazidi kuvunjika. Mwisho akagundua kwamba suji tuliyokuwa tukinunua ni laini mno: inayanywa maziwa yote, inageuka gundi. Kaka, aliyekuwa akifanya kazi Maskati na kurudi mwisho wa wiki, akamletea ya chenga kubwa. Wifi akaitia maziwa, akaiacha itulie bila kuikanda, akaichoma polepole, akafunika sahani juu ya mkate na kuupindua nayo.

Ukatoka mzima. Tukaula na asali ya tende. Wifi akanitazama mie. Mkwewe alikuwa pale pale, lakini alinitazama mie, na nilikuwa nimeshakula vipande vitatu, cha nne ki mkononi.

"Leo afadhali," nikasema. "Huu unafaa kuzibia ufa wa ukuta."

Akakusanya sahani. Alipotoka, mama akanambia, "Mwanangu, huyu hajui mchezo wetu. Mwambie umependa."

"Atazoea," nikajibu.

Mimba ilipokomaa akaenda kujifungulia kwa mama yake, Moroko, arudi baada ya arubaini. Arubaini ikapita, na miezi mingine juu yake. Kaka tukimuuliza, anatoka nje. Nilitaka kumpigia wifi simu nimwombe arudi, nikaona haya. Kwa hiyo, mwenye shahada ya fasihi, nikapika mkate ili nipate kisingizio cha kuuliza. Wala sikuhitaji kudanganya, ulivunjika kweli.

"Wifi," nikamwambia alipoinua simu, "mkate unanivunjikia nikiugeuza."

"Umeukanda?"

"Kidogo."

"Haukandwi. Maziwa je?"

"Nilikisia."

"Tia kidogo kidogo, ungoje suji inywe. Na usiwe na pupa ya kugeuza."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akiguna.

"Mkate wako ulikuwa mtamu," nikasema. "Tangu ule wa kwanza. Maneno yale, kwetu sisi, ni mapenzi."

"Kaka yako alinieleza hivyo. Kila Ijumaa alinieleza. Nilikuwa nangoja unieleze wewe."

"Basi rudi, wifi yangu. Nakueleza sasa."

Akashusha pumzi. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimeanza kazi huku," akasema. "Kaka yako nimeshamwambia; kakuoneeni haya tu. Mama mwambie nitamleta mtoto amwone. Kukaa, sikai."