Ukanda wa Jora

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama kuna mtu aliyeletwa duniani kunimalizia subira, ni yeye. Kaka yangu alimuoa, kaka akafa, mume wangu naye akafuata, tukabaki wajane wawili nyumba moja na paka wetu.

Mikono yake sina la kuisema. Alianza kushona miguu yake haijafika kwenye kanyagio, mama yake akamfungia vibao chini ya nyayo. Mpaka leo cherehani iko sebuleni karibu na dirisha, vitambaa viko juu ya viti vyote, na mgeni akikaa vibaya anainuka na pini. Nimesema mpaka nimechoka.

Lakini wateja wanampenda, nami najua kwa nini. Mwanamke akirudi na gauni lisilopanda tena kiunoni, wifi hamwambii amenenepa, hata umchinje. Atalishika, atalinusa, atasema, “Kitambaa hiki kimerudi, mama. Maji ya siku hizi makali.” Kisha anafumua, anaachia ile akiba aliyoificha ndani ya mshono, na mteja anaondoka kichwa juu. Miaka yote hiyo sijamsikia akimwambia mtu ukweli wa kiuno chake.

Sasa paka. Ni majike wawili, ndugu wa tumbo moja. Wangu ni mwembamba, anaitwa Sindano. Wa wifi anaitwa Jora, na ukimwona amelala utadhani kweli ni jora la kitambaa limeangushwa hapo. Walizaa na kuzaa mpaka majirani wakaanza kutukimbia tusiwape watoto wa paka, ndipo tukawapeleka wakafungwa kizazi. Daktari wa mifugo, binti mpole, akatuambia, “Bibi zangu, paka akishafungwa kizazi anapenda kula na anapunguza mbio. Mpeni kwa kipimo, kila mmoja bakuli lake, tena mbalimbali.”

Mimi nilisikia. Wifi alikuwa anaangalia mkono wa koti la daktari, ulioshonwa upande.

Tulipofika nyumbani akaweka sinia moja katikati ya jiko, limejaa kutwa. Jora akajilaza mbele yake kama mlinzi wa geti. Sindano akisogea, kofi. Akienda kwenye sanduku la mchanga kujisaidia, Jora yuko mlangoni, kofi jingine. Maskini wa Mungu angefanyaje? Akajisaidia juu ya kitambaa cha sare za shule.

Wifi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. “Mwisho wa mwezi paka wako anahamia kwa mpwa wangu! Kazi yangu siwezi kuipeleka kwa watu inanuka!”

“Sindano ana kosa gani? Anayeleta vita ni huyo wako aliyeshiba.”

“Jora hana neno. Ana mifupa mikubwa.”

“Mifupa! Mifupa gani inayoburuzika chini, wifi?”

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaafikiana: Jora apunguzwe kama daktari alivyosema. Mwezi ukiisha amepungua na vita vimetulia, Sindano anabaki. Asipopungua, Sindano anakwenda. Mizani ya daktari wifi aliikataa, alisema ni ya mbuzi. Akampima Jora kwa futi yake, akamshonea ukanda wa kaki wenye kifungo. Ukilegea, amepungua. Nikakubali. Ufundi wake naujua.

Nikawa nawapimia chakula kwa kikopo. Wifi naye kila akila anadondosha kipande cha samaki chini ya cherehani, nikimtazama anasema kimemponyoka. Na kila nikiuliza habari za ukanda, jibu moja: “Umemkaa vilevile.”

Siku moja kabla ya mpwa kuja, kapu la Sindano likiwa tayari mlangoni, Jora alijaribu kurukia dirishani. Hakufika hata nusu. Alianguka kama gunia, akajilamba kama aliyekusudia. Nikamvua ule ukanda, nikaugeuza ndani nje.

Matundu ya sindano, mstari baada ya mstari! Umefumuliwa na kuachiwa, umefumuliwa na kuachiwa, mpaka akiba ikaisha. Tena chini ya tumbo pametiwa kipande cha kuongezea, kimeshonwa vizuri kama cha bi harusi.

“Wifi, hiki nini?”

Akavaa miwani. “Ulikuwa unambana.”

“Umbane! Ndiyo kazi yake!”

“Mtu akija amebanwa mimi namwachia. Mkono umekwenda wenyewe. Nikajua kitambaa kimerudi.”

“Kimerudi vipi? Jora umemfua lini?”

Akanuna. “Na wewe hilo gauni lako la kijani unalojisifu nalo tangu harusi yangu, unadhani linakuenea kwa muujiza?”

Nilikwenda chumbani nikaligeuza. Nikalikunja, nikafunga kabati. Niliyoyaona humo si habari za paka.

Niliporudi nikasimama mbele ya lile kapu. “Sindano haendi popote. Kipimo kilikuwa cha uongo, wifi. Kipimo chako wewe, fundi.”

Hapo ndipo palipomchoma. Wifi unaweza kumwita mkaidi akacheka, lakini kipimo chake usikiguse. Aling’oa kile kipande, akashona ukanda upya kwa kipimo cha siku ya kwanza, kisha akachukua mkasi akaikata akiba yote. Sijawahi kumwona akikata akiba. Akampigia mpwa wake simu: “Usije, mwanangu. Paka hatoki.”

Bakuli la Sindano likapanda juu ya kabati la vyombo, Jora hafiki. La Jora likawekwa varandani. Wifi anakula mezani sasa, na kigurudumu cha uzi kitupu anakivuta sakafuni ili mnene wake akimbie. Sanduku la pili la mchanga nimeliweka chumbani kwangu. Ukanda ulining’inia kwenye msumari wiki hata wiki, haufungi.

Juzi umefunga, na kidole kinapita. Sindano alikuwa amelala juu ya sare, pakavu kabisa, na Jora pembeni yake, hakuna aliyempiga mwenzake. Nikamwita wifi aje aone, angalau mara moja maishani aseme, “Wifi, ulisema kweli.”

Akaushika ukanda, akauvuta huku na huku, akaunusa.

“Kaki ya siku hizi,” akasema, “inalegea upesi.”