Ndoo Isiyo na Tajiri

Jambo lote lilinigharimu shilingi arobaini na saba na senti hamsini. Leseni ishirini, kodi ya kibanda kumi na nane, mlango sita, chai tatu na nusu. Nimejumlisha kuanzia juu, nikajumlisha tena kuanzia chini, jibu ni lile lile. Mtu wa kukunja hayumo katika hesabu hiyo. Sikujua nimwandike kwa bei gani.

Tulikuwa nyuma ya maduka ya Wahindi pale Nakuru, upande wa reli, chini ya ukuta mrefu wa stoo ya nafaka. Ukuta ulitupa kivuli asubuhi, na mchana ukatuachia jua. Mafundi wa bati, wa viatu vya tairi, wa majiko na wa baiskeli, wote walikaa safu moja. Tulipaita Laini. Mgeni akifika mara ya kwanza hucheka: mbona watu wanaouza kitu kimoja wakae goti kwa goti, si watanyang'anyana wateja? Hata mimi niliuliza hivyo nilipotoka magharibi na vishikio vyangu vya ndoo ndani ya gunia. Nikajitafutia kona yangu, nzuri tu, karibu na stesheni. Wiki nzima niliuza ndoo moja, na hiyo nilikopesha. Kumbe mtu wa shamba akija mjini kutoka Bahati au Ndabibi hamtafuti fundi, anafuata kelele. Penye nyundo nyingi anajua atachagua, tena bei itashuka. Nikalibeba gunia langu, nikarudi Laini.

Kila ndoo ilipita mikono minne. Mzee mmoja Mjaluo alikuwa na mkasi, yeye alikata bati. Mtu wa kukunja, Mkikuyu wa makamo mwenye shingo nene, alikunja mapindo na kuunga kitako. Mkamba mmoja mkimya alilehemu. Mimi nilitia kishikio, kisha nikauza, kwa sababu, walisema, mdomo wangu haulali na haulipi kodi, basi acha ufanye kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutengeneza ndoo nzima peke yake. Wala hatukuona haja.

Roho ya ndoo ilikuwa kukunja. Mtu wetu alikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wake, amekilaza juu ya gogo. Alililaza bati juu ya chuma hicho na kulipiga kwa nyundo ya mti, pindo likaingia ndani ya pindo kama vidole vya watu wanaosalimiana. Mkunjo wa mara mbili, ule usiomwaga maziwa hata lehemu ikibanduka, aliubuni yeye. Kwingine angeuficha ale nao mpaka uzeeni. Lakini Laini ilikuwa na sheria mbili, na ya kwanza ilikuwa hii: usifanye kazi nyuma ya gunia. Ukipata ujanja, ufanyie hadharani. Na ukisikia jirani anakosea, mwambie hapo hapo, hata kama mmegombana.

Kwa hiyo tulishinda tukipigiana kelele bila kuinua macho. "Hiyo imelia mbaya!" mtu wa kukunja angepaza sauti kutoka mwisho wa ukuta. "Geuza!" Katikati ya nyundo zote hizo, na garimoshi likipuliza juu yake, yeye alisikia pindo moja lililokaa vibaya. Anayeambiwa hakubisha, aligeuza. Ndivyo mkunjo ule ulivyotoka kwake ukamfikia kila mtu wa bati, hata mtu wa majiko akautia katika majiko yake, na majiko yakaacha kuachia vitako. Mtu wa kukunja naye akachukua wazo la miguu ya jiko, akaitia kwenye makarai ya kuogeshea watoto. Hakuna aliyemlipa mwenzake.

Sheria ya pili: hakuna tajiri. Siku zile tajiri ni yule anayekuandika kazi. Ukijiita tajiri, au mteja akikuita hivyo ukaitika, unanunulia Laini nzima chai. Mzungu mmoja wa shamba alikuja kutafuta ndoo za kukamulia, akasimama mbele yetu na fimbo yake.

"Tajiri wapi?"

Mzee wa mkasi akamwonyesha mtu wa kukunja. Mtu wa kukunja akamwonyesha wa lehemu. Wa lehemu akanionyesha mimi, na mimi nikamwonyesha mzee. Mzungu alizunguka na vidole vyetu mpaka kichwa kikamuuma, akanunua kwa bei niliyotaja. Tulicheka mpaka jioni.

Ikaja Hali ya Hatari, Wazungu wakipigana na Wakikuyu waliodai ardhi, na kidole kile kile kikatumaliza.

Wakikuyu walianza kutolewa mashambani. Tuliona mabehewa yamejaa akina mama na masufuria, na mbuzi wakiuzwa pale stesheni kwa bei ya kuku. Sikununua. Si kwa wema. Sikuwa na pa kuwafunga. Kisha amri ikaingia mjini. Mkikuyu aliyetaka kubaki Nakuru ilimpasa awe na karatasi yenye sahihi ya tajiri wake. Asiye na tajiri apelekwe rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, hata kama huko hana ardhi wala mtu anayemkumbuka. Mtu wa kukunja alizaliwa kwenye shamba la Mzungu upande wa Bahati. Rizavu aliijua kama mimi ninavyoijua Ulaya.

Karani wa serikali alikuja Laini na askari wawili. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, kaki imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akauliza, "Tajiri wa hapa ni nani?"

Naapa hatukukusudia. Mzee akamwonyesha mtu wa kukunja, mtu wa kukunja akamwonyesha wa lehemu, na kidole kilipofika kwangu kilikuwa tayari kimeinuka. Kuna hata aliyecheka, nadhani mtu wa viatu. Karani hakucheka. Akamgeukia mtu wa kukunja.

"Wewe. Tajiri yako nani?"

"Mimi sina tajiri, bwana karani. Mimi fundi."

Alilisema kama mtu anavyosema kwamba ana meno yake yote. Karani akaandika.

"Basi mpaka Jumatatu. Uje na tajiri mwenye leseni, ama uje na mzigo wako."

Jioni ile tulikaa. Mke wa mtu wa kukunja, aliyekuwa akituuzia uji, alisimama nyuma yetu na mtoto mgongoni. Watoto wengine wawili walikuwa wamelala juu ya magunia ya makaa. Nikasema mimi ndiye nitakayekuwa tajiri. Mtu wa magharibi hasumbuliwi sana, na mdomo ninao.

Mzee wa mkasi akakohoa. "Chai kwanza."

"Mzee, mtu anafukuzwa mjini!"

"Nimesikia. Si umejiita tajiri mbele ya watu? Chai. Na sukari usihesabu."

Nikanunua. Mtu wa kukunja akanyoosha kikombe chake. "Tajiri yangu, ongeza maziwa kidogo. Watu wako wanakufa njaa."

Tukacheka. Mke wake akasema, "Chekeni tu. Mimi nimeshaanza kufunga vyombo."

Leseni haitolewi kwa ukuta, ndivyo nilivyoambiwa pale ofisini. Inataka kibanda, na kibanda kinataka mlango. Kibanda nilikodi kwa Mhindi mwenye duka la mbele, mlango nikaushusha kutoka shilingi tisa mpaka sita kwa sababu ulikuwa na tundu. Jumamosi mchana nilikuwa tajiri mwenye karatasi. Tulipanga maneno vizuri. Watu wa bati wote wangesema ni watu wangu. Mtu wa kukunja angekaa mbali kidogo, karibu na sufuria ya uji, macho chini, mdomo kufuli.

Jumatatu karani akaja, akakalia debe, akasoma leseni mbele na nyuma.

"Huyu ni mtu wako?"

"Wangu, bwana karani. Wa kukunja."

"Na wewe ndoo wajua kutengeneza?"

"Najua."

"Haya, tengeneza nione. Siku hizi kila mtu amekuwa tajiri ghafla."

Nilikuwa nimewatazama wenzangu miaka minne. Mkasi ulinisikia, bati likakatika ovyo ovyo lakini likakatika. Nikakaa mbele ya kile kipande cha reli, nikashika nyundo ya mti. Jasho liliniingia machoni. Karani hakujua bati. Alipiga miayo, akatazama saa. Baada ya muda akatoa kalamu, akafungua kifuniko, akailaza karatasi ya mtu wa kukunja juu ya goti na kutafuta mahali pa kuweka alama. Nikajiambia, bado kidogo, piga tu, piga.

Nikapiga, na bati likalia. Hata mimi nilisikia. Lilikuwa pigo la bubu, kama unagonga boga.

Niliona shingo ile nene ikikakamaa. Mke wake akamshika mkono wa shati.

"Hiyo imelia mbaya!" Alikuwa ameshasimama. "Geuza! Geuza kabla haijashika!"

Alikuja mbio, akaninyang'anya nyundo, akageuza bati, akagonga pole pole, pole pole, mpaka pindo likalala. Akalipitishia kidole gumba, akalitabasamia. Hapo ndipo alipoinua macho, akaona kwamba nyundo zote za Laini zimenyamaza.

Sikumlaumu siku ile, wala simlaumu leo. Mtu wa pale hakuweza kusikia kosa akanyamaza, kama wewe usivyoweza kumtazama mtoto akitambaa kwenda motoni. Yeyote kati yetu angepiga kelele. Ni vile tu yeye ndiye aliyekuwa na sikio.

Karani aliuliza bila hasira. "Sasa hapa tajiri ni nani?"

Mtu wa kukunja akafungua mdomo. Kabla hajasema, kidole chake kilianza kupanda, polepole, kikielekea kwa mzee wa mkasi.

Karani akafunga kalamu, alama hajaweka.

Lori lilikuja kesho yake asubuhi. Waliruhusiwa wanachoweza kubeba tu, na yeye mikono yake ilikuwa na watoto. Kipande cha reli akaniwekea miguuni.

"Kaa nacho. Kinataka nyundo ya mti. Usikipige na chuma."

"Utarudi," nikasema. Mdomo wangu, siku nilipouhitaji, ulipata neno hilo moja tu.

"Nikirudi utanilipa. Tajiri hulipa mwisho wa mwezi."

Mke wake alikuwa tayari ndani ya lori, sufuria ya uji katikati ya magoti. Alituangalia wote kwa zamu. "Angalau ndoo ilikaa sawa," akasema.

Mimi nilifikiri tumepoteza mtu mmoja kati ya wanne. Hesabu mbaya. Ndoo zetu zilianza kuvuja, watu wa mashamba wakazirudisha, na walipoacha kuja kutafuta ndoo hawakuyaona majiko wala viatu pia. Mtu wa majiko alifukuzwa mwezi uliofuata, naye Mkikuyu. Mtu wa makaa hakuwa tena na sababu ya kushusha makaa pale. Mkamba akaenda Nairobi. Wahindi wakaleta ndoo za kiwanda, nyepesi, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Mzee wa mkasi ndiye aliyekaa mwisho, akikata vipande ambavyo hakuna wa kuvikunja, mpaka siku moja akavifunga kwa kamba, akavibeba kwenda kwao. Nikabaki na leseni, na mlango wenye tundu, tajiri asiye na mtu hata mmoja. Jambo la kusikitisha ni kwamba kelele za mjini hazikupungua. Ukipita pale usingejua kuna kitu kimekosekana.

Vita vilipokwisha niliulizia. Mmoja aliniambia alimwona akichimba mtaro kwenye kijiji cha kufungiwa. Mwingine akasema alikufa humo kwa kuhara, mke pia. Wa tatu alisema yuko hai, anauza mboga. Habari hizo tatu nimezihesabu mara mbili. Haziwezi kuwa za kweli zote.

Chuma kipo hapa, chini ya kitanda changu. Juzi fundi mmoja wa Bahati, mtu mzima mwenye karakana yake na geti la chuma, alikuja kukitaka. Alitaja bei, na kwa mazoea tu nikampandisha mpaka mara mbili, naye akakubali, jambo lililoniudhi. Nikamuuliza anafanya kazi na nani. Akasema peke yake, geti limefungwa, watu siku hizi wanaiba mitindo. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Wiki hiyo inaisha. Mshahara wa mwezi mmoja wa mtu wa kukunja haujalipwa, na wa kumlipa simjui aliko. Nikimpa huyu wa geti, chuma kitapigwa, lakini hakuna atakayesikia kikilia vibaya. Nikikiacha chini ya kitanda, hakipigwi kabisa. Wewe uliyenisoma mpaka hapa, uliye na watoto wa mtu wa kukunja kama majirani, au uliye na hekima tu, niambie kabla hajarudi: nimpe nani?