Asilimia ya Omena Mbichi

Nakumbuka Jumatatu moja, mjukuu wangu, miaka ya themanini, nikiwa nimeolewa juzi juzi tu hapa Dunga. Shule niliiacha darasa la tatu. Hii hesabu inayokuliza leo niliipata ufuoni, kwa wifi yangu Akinyi, aliyekuwa darasa la saba kama wewe.

Dada yake, Achieng, alikuwa ameolewa Awasi, na Jumamosi hiyo tulikuwa twende kwake mara ya kwanza. Mama mkwe wangu, Mama Achieng, alikuwa ametamka mbele ya wakwe kwamba atafika na kilo ishirini za omena kavu, wale dagaa wa ziwa letu. Neno kama hilo ukilitoa usilitimize, anayeinamisha kichwa ni binti yako, kila siku, kwenye jiko la watu. Na mbalamwezi ilikuwa karibu. Mwezi ukijaa mashua hazitoki, kwa sababu omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza.

Akinyi alikuwa amepima omena mbichi kilo nne, akaianika, ikabaki kilo moja. Akatuambia imepungua kwa asilimia sabini na tano, na hapo hakukosea. Kisha akachukua ile ishirini yetu, akaiongeza asilimia sabini na tano, akapata thelathini na tano. Alisema kwa sauti ya mwalimu, nasi tukakubali. Tukanunua kilo hizo, tukatandaza kwenye neti kuukuu, tukawa tunafukuza kuku.

Jumanne jioni tukapima. Hata kilo tisa haikufika.

Jirani yetu Nereah, mwenye mdomo wake, akasema, “Akinyi, wakwe wapelekee hiyo asilimia kwenye sahani. Wataila na ugali.”

“Nyamaza, Nereah,” mama mkwe akamwambia. “Mizani hukuishika wewe. Mwache mtoto atazame.”

Akinyi alikuwa analia, lakini akaokota kokoto nne, akazipanga mchangani, akaondoa tatu. Akakaa akiitazama ile moja.

“Mama, jua limekula robo tatu ya mbichi. Ile sabini na tano ni ya mbichi. Mimi nimeihesabu kwa kavu.”

“Sasa tulitakiwa kununua ngapi?”

“Kila kavu moja, mbichi nne. Themanini.”

“Bado ngapi?”

“Arobaini na tano.”

“Basi lala mapema. Kesho mashua zikifika tuwe pale.”

Tulizipata kilo zote, na Ijumaa zikawa zimekauka. Kule Awasi baba mkwe wa Achieng aliinua kapu kwa mikono miwili, likamlemea, akacheka. “Achieng, kwenu wakisema wamesema.” Nilimwona Achieng akinyoosha shingo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona asilimia usikimbilie kujumlisha wala kutoa. Uliza kwanza: asilimia ya nini? Ya kile kilichokuwepo mwanzo. Themanini ikishuka kwa sabini na tano inakuwa ishirini, lakini ishirini hiyo ikitaka kurudi themanini lazima ipande kwa asilimia mia tatu. Njia ni ile ile, ila umeanzia mahali pengine. Ukikosea, wacha akina Nereah waseme. Wewe okota kokoto zako.

Mungu akupe kichwa kitulivu siku ya mtihani, na neno lako lifike na uzito wake wote popote utakapolipeleka.